Taji la Tuva, na Jibu Langu Kwako

Söderhamn,
16 Desemba 2020

Mpendwa mdogo wangu Sixten,

Salamu kwanza, ingawa wewe katika ujumbe wako hukunipa hata moja. Goti lako linaendeleaje? Maj-Britt hajambo? Huku theluji bado haijakaa, ni matope na giza tu. Mama ni mzima, anakula vizuri na kugombana na wanaomhudumia. Mimi pia ni mzima, ila nimechoka, na nina hasira nawe.

Umeniandikia kwamba nimemharibia mjukuu wako sikukuu ya Lucia, ya nyimbo na mishumaa, "kwa ajili ya vijimafua." Umeyasema hayo ukiwa Ystad, mguu juu ya stuli, kahawa mkononi. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.

Zamani watoto walinijia katika chumba changu cha unesi shuleni na magoti yaliyochubuka, au na tumbo linalouma asubuhi ya mtihani wa hesabu. Sasa, kwa korona hii, kila kamasi ni ugomvi. Baba mmoja alinikatia simu. Mama mwingine aliniita askari jela katikati ya duka, nimeshika maziwa yangu. Tena wazazi wamejifunza ujanja: mtoto hupewa dawa ya homa na uji wa asubuhi, anafika shuleni mchangamfu, na baada ya chakula cha mchana dawa inaisha nguvu. Hapo naletewa mgonjwa aliyekwisha kukaa na darasa zima.

Alhamisi iliyopita mgonjwa huyo alikuwa Tuva wenu. Kura ya kuvaa taji la Lucia ilikuwa imemwangukia yeye, na kesho yake darasa lilikuwa liende kuimba uani pa nyumba ya wazee, mbele ya Mama na wenzake, Tuva akitangulia na mishumaa kichwani. Nilimwona kwenye foleni ya mazoezi, mashavu mekundu. Nikamwingiza chumbani kwangu. Alijikaza, kifua kinaruka, mpaka akashindwa na kukohoa hadi machozi.

"Mbona unajizuia, mjukuu wangu?"

"Mama kasema nisikohoe mbele yako, Bibi."

Ndiyo, Sixten. Binti yako Annelie alimfundisha mtoto kunificha mimi, shangazi yake, ambaye nilimwogesha yeye mwenyewe alipokuwa mchanga. Nilimpigia simu, akaja mbio, hakuvua hata kofia.

"Shangazi, we nesi au polisi?"

"Leo nesi. Nirudishie mtoto na homa kesho, utamwona polisi."

"Roho yako mbaya! Huna mtoto, ndo maana."

Nikamvika Tuva koti lake. Neno hilo bado linanichoma, na sitajifanya halinichomi.

Najua Annelie keshakutangazia pia kwamba kipimo kimerudi, na Tuva hana korona. Yalikuwa mafua kweli. Umefurahi? Furahi basi. Ningekutana na jambo hilohilo kesho, ningefanya vilevile.

Wewe Aprili hukuwepo. Ragnhild, wa chumba cha jirani na Mama, alikohoa mfululizo nyuma ya ule ukuta mwembamba, kisha kukawa kimya. Mama hakuruhusiwa hata kumuaga. Tangu hapo analala taa ikiwaka.

Ijumaa Mama alikaa kwenye mlango uliofunguliwa, blanketi mpaka kidevuni, akasubiri. Taji likapita juu ya kichwa cha mtoto wa watu. "Wetu yuko wapi?" akauliza. Nilipomweleza aligeuza uso, na hasemi nami mpaka leo. Imeniuma kuliko ujumbe wako na matusi ya dukani kwa pamoja. Lakini acha aninunie. Aliye hai ndiye anayenuna.

Sasa unasema mtakuja Krismasi, nitake nisitake. Karibuni. Wahudumu wengi wa nyumba ya wazee wanaumwa, nami nimejitolea kusimama mlangoni mkesha wa sikukuu. Nitakupima joto kama ninavyowapima wote. Ukikohoa hata mara moja, Mama utamsalimia dirishani, na wewe mwenyewe ndiye utakayempigia simu kumweleza kwa nini.

Nisalimie Maj-Britt, na Göran wa nyumba ya pili. Tuva nimempelekea mikate ya zafarani, nimeiacha kwenye ngazi, Annelie hakufungua. Mungu awafikishe salama, na awalete wazima.

Wako akupendaye, hata kwa hasira hizi,
dada yako,
Gunvor