Uji wa Wahu

Baba Wahu,

Ukitoka zamu ya usiku usilale kwanza. Chai iko kwa thamosi. Nimempeleka Wahu hospitali, nimembeba mgongoni kwa sababu hawezi kusimama.

Si chapati iliyomuumiza. Mwambie mama yako, maana mimi nikimwambia anasema namnyima mtoto chakula. Tangu daktari amkataze ngano, Wahu amekula ugali na uji tu, na bado anaisha nikimwangalia. Leo asubuhi nimepeleka mahindi kwa kisiagi, nikakuta wanasaga ngano ya mtu. Tangu mahindi yapotee madukani, watu wanasaga hata ngano. Ilipoisha wakaniambia nilete yetu, mashine ileile, bila hata kupangusa! Kumbe ngano nilikuwa namlisha mimi mwenyewe, kijiko kwa kijiko, nikimbembeleza amalize.

Nimerudi mbio na mahindi yangu, nikakuta mama yako ameshampa uji wa unga wa juzi. Ametapika wote.

Huo unga ulio kwa debe kuleni nyinyi. Mahindi yamo kwa beseni. Yasage kwa mkono, Baba Wahu, kwa lile jiwe mama yako husagia wimbi. Najua umechoka. Majirani wakikuona umepiga magoti unasaga, watacheka. Wacha wacheke. Halafu sufuria yake ni ile ndogo, mwiko wa chapati usiiguse.

~~Asiporudi~~

Akirudi atataka uji.

Mama Wahu