Benchi la Mlangoni

Pachalí,
14 Machi 1993

Kaka yangu mpendwa Fidencio,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi Amparo na watoto, na kwamba joto la huko pwani halijawachosha sana msimu huu wa kukata miwa. Sisi huku juu hatujambo. Mgongo wa baba unamsumbua asubuhi zenye baridi, lakini akishaanza kusokota kamba zake anausahau. Mama ni mzima wa mwili. Hayo mengine ya mama ndiyo yaliyonichelewesha kukujibu, kwa hiyo nakuomba usome hadi mwisho kabla hujakasirika.

Barua yako niliipata. Ulinitaka nimtoe mama katika kanisa lile kabla ya Pasaka, na ukasema kwamba akibaki huko hutakanyaga hapa tena, wala watoto hawatamwona bibi yao. Uliandika kwamba dini ni watu wake, na watu wenyewe ndio hao. Uliyoyasikia ni kweli, kaka, ila hukuyasikia yote. Nitakueleza kwa mpangilio, na shajara yangu iko wazi hapa pembeni nisije nikachanganya siku.

Jumapili ya tarehe 7 Februari ilikuwa siku ya ubatizo. Mchungaji Abdías alichelewa, jambo ambalo si kawaida yake, na alipofika tai yake ilikuwa imekwenda upande. Alifungua Biblia akapekua kurasa mbele na nyuma. Alipoanza kuhubiri ulimi ulikuwa mzito. Akaegemea mimbari, na mimbari ikaanguka naye. Sote tulidhani ni kiharusi. Mama ndiye aliyekuwa wa kwanza kumkimbilia. Alivua mtandio wake akauweka chini ya kichwa chake, na alipoinama ndipo alipoisikia ile harufu. Unajua jinsi mama anavyoijua. Alisimama wima, akauacha mtandio pale pale, akatoka nje bila kumtazama mtu.

Kesho yake asubuhi, wanawake walipopanga foleni na beseni zao za mahindi hapa kwenye mashine yangu ya kusaga, hapakuwa na habari nyingine. Petronila muuza nyanya alisema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, "Kumbe Roho wenu ana harufu ya pombe ya miwa!" Akaniuliza kama wale wabatizwa wangezamishwa mtoni au kwenye pipa. Walicheka mpaka mahindi yakamwagika. Nilimjibu kwamba watu wake wa kwa padri, siku ya Mtakatifu Barnaba, hulewa hadi wanakumbatia mbwa. Hakukasirika hata kidogo. "Ni kweli, dada yangu," akasema, "lakini sisi hatujawahi kukuita uje utuone tusivyolewa. Sisi tunamfuata mtakatifu. Ninyi ndio mliotuita tuje kumtazama mtu." Nikawasha mashine.

Maneno yale yalinikaa, kwa sababu ndivyo tulivyoingia. Mama hakuingia kwa sababu ya aya yoyote, kusoma hajui. Unakumbuka sikukuu za Barnaba, baba akirudi na lile koti la chama cha udugu wa mtakatifu limejaa matope, na wewe ukinipandisha darini ili nisimwone anavyomfanya mama. Kisha Abdías, aliyekuwa akilala mtaroni pamoja na baba, akasimama Alhamisi moja kwenye ushuhuda akiwa na shati safi na mikono isiyotetemeka. Alisema, "Msinisikilize. Nitazameni." Mama alimtazama. Alirudi nyumbani akasema kwamba Mungu aliyemfanyia mtu yule vile, anamtaka nyumbani kwake. Nusu ya kanisa letu iliingia kwa mlango huo huo. Sasa shemasi Eliseo anapita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wasimtazame mwanadamu, wamtazame Mungu. Huenda ni kweli, lakini hatukuyasema hayo wakati wa kuingia.

Watu wengi wameondoka. Wengine wamehamia lile kanisa kubwa la vipaza sauti kule barabara kuu, wengine wamerudi kwa padri, wengine wanabaki tu majumbani. Mama naye aliacha kwenda. Alikaa jikoni akipiga mikate ya tortiya bila kuimba. Nilipomuuliza, aliniambia kwamba aliingia kwa ajili ya uso wa mtu mmoja, na kama uso ule ulikuwa wa uongo, hajui miaka yote hii alikuwa akizungumza na nani. Nilijaribu kumrudia maneno ya Eliseo. Aliniambia Eliseo hajawahi kupigwa na mume, ndiyo maana ni rahisi kwake kutomtazama mwanadamu.

Kisha ikatangazwa kwamba Mchungaji atawekwa chini ya nidhamu, yaani atakaa benchi la mlangoni kama wengine wote waliotenda dhambi: hakuna kuimba, hakuna kushuhudia, hakuna meza ya Bwana, mpaka kanisa lisimame limpokee tena. Benchi hilo unalijua kuliko mimi. Abdías alilichonga kwa mikono yake, na yeye ndiye aliyekukalisha pale ulipocheza marimba kwenye sikukuu ya Barnaba, nawe ulikuwa na miaka kumi na saba tu. Nakumbuka ulivyonyanyuka katikati ya wimbo, msumari ukakushika suruali ikachanika, watu wakacheka, nawe hukugeuka tena mpaka pwani. Mama hakucheka siku ile. Safari hii alisema atakwenda, si kuabudu, bali kumwona Abdías akikaa pale. "Nakwenda kumtazama kwa macho ya Fidencio," aliniambia.

Basi Jumapili ya tarehe 28 tulikwenda. Abdías alikuwa ameshakaa, kichwa chini, peke yake kwenye benchi la watu sita. Kila aliyeingia alibana ukuta wa upande wa pili kama anayempita mgonjwa wa tetekuwanga. Tulikuwa katikati ya wimbo wa pili mlango ulipoingia giza. Nikageuka. Alikuwa baba.

Baba, Fidencio, ambaye hajawahi hata kuvuka kizingiti cha kanisa letu! Alikuwa amevaa koti lake la udugu, kofia mkononi. Alitafuta maji ya baraka pembeni mwa mlango, hakuyakuta, akapiga ishara ya msalaba hivyo hivyo, mbele ya ukuta mtupu. Wimbo ulikatika. Mtu mmoja akanong'ona kwamba Crisanto amekuja kumcheka mwenzake wa mtaroni. Mwingine akamwambia waziwazi, "Mzee Crisanto, mtakatifu wako hayumo humu!" Baba akajibu kwa adabu, "Najua. Nimemwacha nyumbani, ana wageni." Akaenda akakaa karibu na Abdías.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu hapa. Siku mchungaji wangu alipoanguka na mimbari nilisikitika. Siku baba yangu alipopiga ishara ya msalaba mbele ya ndugu zangu wa kanisa, niliona aibu. Nilitamani ardhi inimeze kwa sababu ya yule aliyekuwa mzima, si kwa sababu ya yule mlevi. Nimeandika hivyo kwenye shajara na sikufuta.

Shemasi Eliseo alimwendea, akamweleza taratibu kwamba benchi lile ni la walio chini ya nidhamu. Baba akasema basi hajakosea mahali. Eliseo akafunga kitabu cha nyimbo akarudi mbele. Hapo ndipo Abdías alipoanza kutetemeka kama mtu atakayeanguka, na mkono wa baba ukampitia chini ya kwapa, ukamshika, ukamrudisha wima. Ulikuwa mkono usiotafuta mahali pa kushika. Mimi sikuelewa kitu. Mama, aliyekuwa amegeuka kumtazama Abdías kwa macho yako, alielewa.

Mchana huo nyumbani hakungoja tule. Alisimama mbele ya moto akamuuliza baba, tangu lini? Na baba, ambaye maneno yake unajua yalivyo machache, alitueleza yote huku akikwaruza tope la kiatu.

Alisema Abdías hakuwahi kupona kabisa. Ilikuwa ikipita nusu mwaka, wakati mwingine mwaka mzima, kisha siku moja ya soko anashuka mjini, anaaga nyumbani kwamba anawatembelea wagonjwa, na anaingia kwenye duka moja la pombe kwa mlango wa nyuma. Mara ya kwanza alimkuta baba mle ndani, baba akiwa ameshalewa. Abdías alipomwona alilia, kisha wakanywa pamoja. Walipokuwa wakirudi waliteleza wote wawili wakaangukia korongoni. Baba akiwa amelala kule chini aliwaza kwamba watu wakimkuta Abdías pale, Basilia mkewe ataacha kanisa, na akishaacha kanisa atakuwa amebaki na nini? Atabaki na mimi tu, alisema baba, nami nilikuwa najua mimi ni mtu wa namna gani. Alijaribu kumnyanyua mwenzake, akashindwa kwa sababu naye hakuwa na miguu. Walilala pale mpaka jua likawalevua.

Tangu siku ile hakunywa tena. Sisi tulijua ameacha, tukadhani ni uzee. Alisema mmoja wao ilibidi awe na miguu. Kila siku ya soko alipopeleka kamba zake mjini alipitia kwanza ule mlango wa nyuma kuangalia. Akimkuta, alimpeleka chemchemini akamwosha uso, akamlaza kivulini mpaka akili imrudie, kisha wakapanda huku, mmoja mbele na mwingine nyuma, kama watu wasiojuana. Ile Jumapili ya ubatizo mgongo ulikuwa umemlaza tangu siku ya soko, hakushuka mjini, na hakuna aliyepitia mlango ule.

Mama alimwita mwongo. Alimwambia kila Alhamisi alikuwa akisimama mbele ya kanisa kumshukuru Mungu kwa ajili ya Abdías, na kuomba ndugu wamwombee mumewe aliyepotea. Baba akasema anajua. "Dirisha lenu liko wazi, nami hukaa chini yake nikisokota kamba, na sauti yako, Basilia, si ndogo." Mama akasema, "Basi nimekuwa nikimshukuru Mungu kwa mlevi, na kumlilia kwa asiyelewa!" Akacheka. Kisha akalia, mpaka nikalazimika kuzigeuza tortiya mimi, maana zilikuwa zinaungua.

Baadaye nilimuuliza baba ni dini ipi iliyomwachisha pombe, yake au ya mama. Alisema hakupata nafasi ya kuuliza, alikuwa amebeba mtu.

Sasa kuhusu ombi lako. Nilimsomea mama barua yako neno kwa neno. Alinituma nikuulize: kama dini ni watu wake, watu gani? Abdías ni wetu pamoja na pombe yake yote, na Crisanto si wetu. Amesema pia kwamba hajamsamehe Abdías na hamsalimii, na asitokee mtu wa kumharakisha. Lakini Jumapili iliyopita na hii ya leo alikwenda, na hakukaa mbele. Amekaa benchi la mlangoni, upande wa pili wa baba. Eliseo amechanganyikiwa, maana benchi lina watu watatu na kanisa lilimhukumu mmoja tu. Mimi mwenyewe bado nakaa katikati. Na Petronila, kaka, anaendelea kunichokoza kila asubuhi.

Hii siri ya baba iache kwako. Amekubali nikuandikie wewe tu, na alikubali kwa kutokunikataza.

Abdías alinisimamisha njiani aliposikia nakuandikia. Aliniomba nikuambie kwamba amekaa pale pale ulipokaa wewe. Nilimuuliza kama anataka nikuombee msamaha. Alisema hapana, hilo haliombwi kwa mkono wa mtu mwingine.

Msalimie sana wifi, na uwabusu watoto kwa niaba yetu. Mama anawatengea mbegu za maboga za kukaanga, na hazitakaa sana. Baba hana ujumbe, unamjua. Ila jana nilimwona akielekea kanisani na nyundo, nikamfuata. Alikuwa amepiga magoti kando ya benchi la mlangoni, anapapasa ubao kwa kidole. Ule msumari wako ulikuwa bado umechomoza, kaka, miaka yote hii. Aliupiga mpaka ukazama, akapitisha kiganja juu yake mara mbili, akaenda zake.

Ni mimi dada yako akupendaye,
Herlinda