Tunamsubiri Babu

2 Juni

Hapana dada, sijafunga duka. Nani kakuambia? Shikamoo kwanza. Huku tu wazima, mgonjwa ni Babu peke yake. Usianze kulia: Babu ni ile kompyuta yangu kongwe. Nikiiwasha naenda kunywa chai, nikirudi bado inapikicha macho. Siku hizi siizimi kabisa, maana ikilala sina hakika itaamka. Wateja nimewawekea benchi, nawapigia soga. Wengine wanacheka, wengine wanavuka barabara kwa jirani mwenye mashine mpya. Hata mwalimu mkuu niliyekuwa namchapia mitihani kavuka. Kasema, "Bwana, utani wako mtamu, lakini mtihani ni kesho."

Utasema ninunue mpya. Kila mwezi nasema mwezi ujao. Si inawaka?

Bahasha ya vyeti vya mpwa wangu imefika. Chuo cha uuguzi kinafunga maombi Ijumaa tarehe 20, saa kumi jioni. Mwambie mjomba yupo, aanze kuchoma maembe sindano.

Mdogo wako

9 Juni

Marahaba, mdogo wangu. Hujambo? Mimi mgongo tu, cherehani haina huruma. Mpwa wako anapima mapigo ya moyo ya kila anayepita mlangoni, juzi kamshika mkono mpaka mkusanya kodi. Huku mtandao hakuna, ndiyo maana tumekuegemea wewe. Usingoje siku ya mwisho. Nakujua.

Dada yako

23 Juni

Shikamoo dada. Mgongo vipi? Kanda kwa maji ya moto. Ile fomu msiwe na presha nayo, mambo ya vyuo yana foleni ndefu kuliko benchi langu. Majina yakitoka tutajua. Nina wateja, naishia hapa.

Mdogo wako

1 Agosti

Majina yamebandikwa. Binti kapanda gari mpaka chuoni kuyasoma. La kwake halipo. Kaingia ofisini, karani katafuta, kamwambia fomu yake haikufika kamwe. Hawakumkataa. Hawamjui.

Tangu arudi hajamshika mtu mkono.

Nieleze.

Mama yake

9 Agosti

Shikamoo dada. Leo sikuja na utani. Ukiona mmoja umeponyoka nisamehe, ndio mdomo niliopewa.

Fomu sikuituma. Wiki ile nzima benchi lilijaa, nami nikawa najisemea: mteja akichoka atavuka barabara, mpwa wangu havuki. Basi kila siku nikamweka wa mwisho. Ijumaa saa nane ndiyo nikaifungua. Nilipoweka picha yake, Babu akaganda. Ikatokea nusu ya uso, paji na macho. Nikapiga kibao, nikabembeleza, nikaomba. Yale macho yakanitazama mpaka saa kumi ikapita.

Kwa jirani ingekuwa dakika tano. Bahasha nilikuwa nayo mkononi, mlango wake nauona. Nikaona haya, wateja waliobaki kwenye benchi wanione na mimi navuka? Dada, barabara yenyewe hatua kumi na mbili. Nimezihesabu baadaye.

Halafu nikakuandikia uongo.

Nilikuwa natamba kwamba Babu hanigharimu kitu kwa sababu nilishamnunua zamani. Kumbe anakula kimya kimya. Kala mwalimu mkuu, kala wateja, sasa kala mwaka wa mwanao.

Juzi nilimzima. Hakuamka, wala sikumpeleka kwa fundi. Jirani kanipa meza kwake, naandikia watu fomu. Anasema soga zangu zitamfaa mtandao ukisumbua.

Sasa tupatane hivi. Mwakani maombi yakifunguliwa, nasema yakifunguliwa, si yakifungwa, mlete binti mwenyewe. Atakaa kwenye kiti changu, ataituma kwa mkono wake, nami nitakaa kwenye benchi mpaka amalize. Siku hiyo simhudumii mtu mwingine, hata aje mwalimu mkuu na shule yake nzima. Hapo chini nimeacha nafasi. Ukikubali, weka saini unirudishie karatasi hii. Ukikataa, irudishe tupu, nitaelewa. Ila usinyamaze, dada. Uchungu wa kusubiri nimeujua.

Mjomba wake, kama bado

Saini ya dada: ..............................