Aliyeshika Mkia wa Farasi

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Baba Mkubwa Magesa, wa upande wa mume wangu, kaja leo kutoka Kagongwa, kwenye mashine zake za mpunga. Hata kukaa hakukaa. Tarehe 23 ukoo wote unakuja hapa Tinde kujengea kaburi la babu yake, mzee Mwigulu. Anataka sanamu ndogo, urefu wa kiganja, ikae kwenye kisanduku cha kioo juu ya kaburi: babu akiwa askari wa farasi, vita ya Mjerumani. Na wa kuifinyanga ni mimi! Mimi Justa wa majiko ya udongo!

Nilifurahi mpaka nikasahau kumpa maji. Nikamuuliza babu alivaaje. "Askari ni askari, Mama Generosa. Upanga, buti, farasi mkubwa. Wewe finyanga." Kama anaagiza jiko.

Jioni nikampigia mume wangu, Bujiku, yuko machimboni Nyarugusu. Akacheka. Babu huyo hata picha hajaacha, kasema.

Jumatano, 6 Agosti

Farasi sijawahi kumwona. Bando lote limeishia kwenye picha. Wazungu watupu, na kofia za manyoya! Babu Mwigulu na manyoya ya jogoo kichwani? Hapana.

Nimeenda kwa jirani yetu Akida, mwenye mkokoteni, nikamshika punda wake miguu, nikampapasa magoti, shingo. Akida kasimama ananiangalia. "Mama Generosa, unampima gauni?"

Cheka tu.

Jumapili, 10 Agosti

Nina hasira. Baba Mkubwa kapita baada ya ibada, na watu nyuma yake. Kakiinua kifarasi changu juu wote wakione. "Jamani, mkwe kampandisha babu punda! Mzee alikuwa anauza maji?" Watu hoi kwa kicheko. Mwanangu Generosa kashtuka mgongoni, akalia.

Masikio kweli yalizidi. Nimeyapunguza. Lakini ndiyo kunicheka vile mbele za watu? Si angeniambia pembeni?

Na mchana kifarasi kikapiga magoti chenyewe. Miguu minne myembamba, tumbo, mtu na bunduki juu — udongo haubebi.

Jumanne, 12 Agosti

Miguu minene: tembo. Waya ndani ya miguu: udongo umepasuka kwenye moto, pa! Bonge la udongo chini ya tumbo: anaonekana kama kuku anataga. Nimevunja yote.

Nimeamua. Kama simjui huyo babu, nitamfinyanga vipi? Yupo anayemjua.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimetoka Kolandoto kwa Bibi Paskazia. Ndiye kitinda mimba wa babu Mwigulu, shangazi yake Baba Mkubwa. Macho yamekwisha, ila vidole! Kamshika babu niliyemfinyanga upya juzi, juu ya farasi wake, kampapasa polepole.

"Buti za nani hizi?" Baba yake alizungushia miguu kitambaa mpaka magotini, chini peku. Upanga? Akaguna. Bunduki tu.

Akaendelea kupapasa nyuma ya farasi, hewani, kama anatafuta kitu. "Na mama yuko wapi?"

Mama yupi, bibi?

"Mama yangu. Minza."

Kumbe askari walikwenda na wake zao! Farasi mbele, Minza nyuma. Chungu kichwani, mtoto mgongoni, bado ananyonya. Akichoka anashika mkia wa farasi, anavutwa. Mbung'o walipomuua farasi, bibi kaniuliza, tandiko alibeba nani? Yeye! Juu ya chungu!

Mimi hapo namnyonyesha Generosa.

Na kaburi la Minza, bibi? Lilikuwa kwenye shamba la pamba. Limelimwa. Hakuna anayejua tena lilipo, kasema, akanirudishia babu. "Ng'wana wane, mwanangu, usimwache njiani."

Jumapili, 17 Agosti

Nimempigia Baba Mkubwa. Shikamoo zote nimetoa, sauti nimeshusha. Nikamweleza habari ya Minza. Buti na upanga kakubali vitoke, kwa shida. Minza — hapana! Kaburi ni la mzee. Wanawake walikuwa wapishi tu.

Tu!

Nimeukanda udongo mpaka mikono inauma. Tu! Chungu tu, mtoto tu, tandiko tu! Alitaka babu ale nini huko porini, risasi? Na huyo mtoto mgongoni si ndiye aliyemzaa yeye Magesa? Angedondoka mtoni siku moja, leo nani angekuwa na mashine za mpunga?

Bujiku kasema nimfanyie anavyotaka, yaishe. Yaishe! Nikamuuliza, na mimi nikifa mtanilima? Baadaye kaniambia ananipenda. Najua. Sikuuliza hilo.

Jumatano, 20 Agosti

Farasi kaanguka tena asubuhi. Nikakaa chini, nikamtazama. Nikasema haya, Minza, njoo.

Nikamfinyanga nyuma yake, nyayo nimezizamisha kwenye ubao wa udongo, mkono mmoja kwenye chungu, mwingine kwenye mkia. Mkia nikaunenepesha kidogo. Babu nikamsogeza nyuma kwenye tandiko. Nikaondoa vidole...

Kasimama!

Nimetikisa meza. Kasimama! Uzito wote unapita kwenye mkia, unaingia kwenye mkono wa Minza, unashuka miguuni kwake. Nikapiga kigelegele peke yangu, Generosa akapiga makofi hata hajui kwa nini.

Mtoto wa mgongoni nimemfinyanga mwisho. Mdogo kama punje ya hindi. Kichwa nimekilaza upande, hivyo hivyo anavyolala wangu.

Alhamisi, 21 Agosti

Nimewachoma kwa pumba za mpunga. Wametoka wekundu. Hakuna ufa! Mungu, asante. Wabeja sana.

Ijumaa, 22 Agosti

Baba Mkubwa kafika saa za mchana. Nikapiga goti, shikamoo baba, marahaba. Nikafunua kitenge.

Alitabasamu. Nimeona! Kamtazama babu, bunduki, vitambaa vya miguuni. "Huyu ndiye mzee," kasema. Halafu jicho likafika nyuma. Tabasamu likaisha.

"Nilisemaje mimi?"

Nikamwambia shangazi yake ndivyo alivyoeleza. Shangazi ni mzee, kasema, anachanganya. Nikamwambia, baba, huyo mtoto mgongoni ni mzee wako mwenyewe.

Kavua kofia, kaivaa tena. Kisha kamtuma mtu kwa Akida alete msumeno wa chuma. "Kesho watu wanakuja kumwona askari. Hapa kwenye mkia patakatika vizuri."

Nikamchukua Generosa, nikaingia jikoni. Nimekaa na daftari gotini, mtoto kwenye ziwa. Mlango uko wazi, namwona.

Kachuchumaa mkekani. Msumeno mkono wa kulia. Kauweka kwenye mkia, kausogeza mara moja tu — farasi akayumba. Kaacha haraka! Sasa mkono wa kushoto kaupitisha chini ya tumbo, babu asianguke. Haitoshi, Minza naye anataka kushikwa. Anaishiwa mikono. Anageuka huku na huku, aliyeleta msumeno keshaondoka, uwanjani hakuna mtu.

Ananiita. "Mama Generosa! Hebu njoo unishikie hapa kidogo."

Mwanangu bado ananyonya. Kaniita tena, safari hii taratibu — "Mama?" — msumeno kauweka chini, mikono yote miwili iko kwenye farasi, na mimi sijainuka.