Mzee Abdunoor ananiiga

Hawah, niko kliniki Koboko. Usipige simu, soma tu.

Unamkumbuka Mzee Abdunoor, yule fundi cherehani aliyepooza mkono wa kushoto. Miezi saba tunakaa uso kwa uso, mimi nainua mikono, yeye ananiiga kama kioo.

Leo akainua ule mgonjwa, ule mzima akauacha kwa paja. Nikamkaripia, "Mzee, na ule mwingine?"

Akasema, "Daktari, mimi nafanya kama wewe."

Nafanya kama wewe.

Nikatazama chini. Mkono wangu wa kushoto uko kwa paja, umelala. Na mimi nilijua nimeuinua.

Siogopi, sijui kwa nini.

Ambulensi inakuja kunipeleka Arua. Mzee ameushika mkono wangu, ananiambia maneno yangu mwenyewe, "Polepole, daktari. Tuanze na kidole kimoja."

Nakiangalia hicho kidole. Kimetulia tu.