Kwa Mhudumu Anaongea, Kwangu ni Bubu

Mshauri mpendwa, nisaidie kabla sijamfukuza mtu, maana mwisho wa wiki hii nimepanga mhudumu wa mke wangu aondoke, na dada yangu ananiambia hata hivyo nimechelewa. Mimi ni dalali wa mnada, nauza samani na vyombo vya watu wanaohama, mdomo ndio unaonilisha, na mke wangu alipatwa na kiharusi, upande wa kulia ukalegea na maneno yakawa hayatoki, akitaka kusema kitu anahangaika mpaka jasho linamtoka, nami kwa kuwa nampenda sitaki ateseke, basi akianza tu neno namalizia mimi, unataka maji, unataka mto, unataka kugeuzwa, na yeye anatikisa kichwa, anafumba macho, nikajua ndiyo basi tena, ugonjwa umemchukua.

Ndipo akaja huyu mama, zahanati ndiyo iliyotuelekeza kwake, watu wanamwita Bi Taratibu. Kufua anafua, uji anapika, dawa anampa kwa wakati, hapo sina neno, lakini kazi zikiisha anazima redio, anavuta kiti mpaka ubavuni mwa kitanda, anakaa. Anakaa tu, mshauri. Hashoni, hasomi, hashiki simu. Siku moja narudi kazini nasikia nyuma ya mlango sauti ya mke wangu, anaongea, maneno yanavutika lakini ni maneno, nikaingia kwa furaha nikasema kumbe umepona, endelea basi, unasema nini, unasema ulinikumbuka, eti? Akanyamaza. Mhudumu akaangalia sakafu, kisha wakatazamana wale wawili, nimeona kwa macho yangu.

Tangu hapo sina amani. Uji wake nimeuonja, ni uji. Mkoba wa mhudumu nimeupekua, nikakuta kitana na ndala. Mwishowe nikaacha simu yangu ya pili chini ya kitanda inarekodi, jioni nikaichukua nikaenda kuisikiliza stoo, katikati ya makabati ya watu. Kimya, kimya kirefu mpaka nikadhani simu imeharibika, halafu mke wangu anasema kwa shida, "Baba watoto... mchana... anakula?" Mhudumu anajibu, "Sijui, mama. Sijamuuliza."

Sasa mshauri, kwa nini watake kujua habari za chakula changu? Dada yangu anasema hapo ndipo mtu anapowekewa kitu. Mke wangu anamwamini mtu baki kuliko mimi niliyemuoa, na inaniuma, sikufichi. Nimfukuze kimyakimya au nianzie polisi?

Dalali asiye na usingizi

*

Ndugu dalali,

Polisi waache wapumzike. Pole kwa kuuguza, na ninaisema kwa moyo, maana mtu anayelala vizuri haonji uji wa mgonjwa akitafuta sumu. Kumchunguza anayebaki na mkeo si kosa, kwa sababu asiyeweza kusema ni rahisi kuonewa. Lakini umeonja, umepekua, umerekodi, na ulichopata ni uji, kitana na swali moja. Kwa hiyo mimi pia nina shaka, ila si na mhudumu. Nina shaka na wewe.

Nimeisoma barua yako nikitafuta mahali mkeo alipomaliza sentensi mbele yako. Sikupaona. Hata siku uliyomkuta akiongea, ulimuuliza anasema nini kisha ukamjibia mwenyewe. Mnadani ukinyamaza kabati haliuziki, naelewa. Lakini aliyepatwa na kiharusi mara nyingi neno analo, linachelewa tu kufika mdomoni, na ukimpachika lako anachoka kulitafuta lake. Kule kutikisa kichwa kulikuwa hapana, bwana. Umekuwa ukimpelekea maji mtu ambaye hakuomba maji. Mapenzi yapo, sibishi, ila humo humo kuna haraka, na kuna woga wa kumwona akihangaika.

Bi Taratibu hana dawa ya siri. Anamsubiri mkeo, basi, anakaa kama mtu asiye na pengine pa kwenda, na mkeo akiona hivyo anapata nguvu ya kujaribu. Dawa na mazoezi ya zahanati viendelee vilevile, kukaa hakushiki nafasi yake.

Na hilo swali lililokutia hofu. Mwanamke ambaye neno moja linamtoa jasho amepata nafasi ya kusema lolote alitakalo, akaitumia kuuliza kama mumewe anakula. Wewe ukasikia sumu. Ona haya kidogo, ndugu yangu.

Sasa fanya hivi. Mhudumu haondoki. Dada yako mshukuru, kisha mwambie nyumba hii ina wenyewe. Mwambie mkeo kwamba ulimrekodi kwa siri, umwombe radhi, na mhudumu naye umwombe radhi kwa mkoba wake. Halafu mwambie akupishe kwenye kile kiti. Simu iache sebuleni. Mkeo akianza neno, funga mdomo, na likichelewa, lichelewe. Siku za mwanzo huenda asiseme kitu, kwa kuwa amezoea kwamba kwako hakuna nafasi. Usinune, na usimjazie. Mdomo ukikuwasha, mshike mkono.

Swali lake halijajibiwa mpaka leo, na mhudumu ameshasema hajui. Subiri akuulize wewe mwenyewe, amalize, ndipo umjibu.