Nilichokikuta Chini ya Rangi ya Gari la Baba Mkwe

Mshauri wetu mpendwa, shikamoo. Naomba unisome hadi mwisho hata kama mwandiko ni mbaya, maana sina mwingine wa kumwambia.

Mimi ni fundi wa kunyoosha bodi za magari, nina miaka arobaini na minne, mke mmoja na binti mmoja anayeolewa mwezi ujao, na huyo binti tangu utotoni alikuwa akililia gari la babu yake, gari dogo la Kiingereza la mbio, la viti viwili, magurudumu ya spoki na paa la turubai linalokunjwa nyuma, ambalo limekaa miaka yote nyuma ya nyumba ya baba mkwe limefunikwa, kuku wanatagia ndani. Baba mkwe ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu anayeheshimiwa na mji mzima, na kila akiombwa lile gari alikuwa anasema, hicho ni chuma chakavu, nilikinunua kikiwa kimeshakufa, kiacheni. Mwaka juzi binti aliposema anataka kulipanda siku ya harusi yake, mzee aliingia ndani, akatoka akanitia ufunguo mkononi. "Lichukue, mwanangu," akasema. "Lifumue lote."

Mshauri, nililihudumia lile gari miaka miwili kama mgonjwa wa nyumbani. Injini nilimpa rafiki yangu, viti nikampa fundi wa kushona, bodi sikumwachia mtu. Nilipofika madigadi ya mbele kushoto, bati lile linalofunika gurudumu, nikapiga msasa, rangi nyeupe ikatoka, chini yake ikaja kijani, na katikati ya ile kijani puti ya kuzibia mabonyeo, nene kama kidole, imepakwa ovyo na mtu asiye fundi. Nikaibandua. Bati lilikuwa limebonyea ndani, na taa ya upande ule haikuwa ya asili. Nimefanya kazi hii miaka ishirini na miwili, najua ukuta unavyobonyeza bati, najua nguzo, najua ng'ombe, na hili halikuwa lolote kati ya hayo. Nilikaa chini palepale sakafuni.

Nilipokuwa na miaka sita dada yangu, mtoto wa miaka kumi, aligongwa kwenye barabara ya posta akitoka kununua sukari, na aliyemgonga hakusimama, na shahidi alikuwa mmoja tu, mama mshona nguo, aliyesema aliona gari dogo la kijani lisilo na paa, polisi wakaulizauliza wiki tatu wakaacha.

Nikajiambia magari ya kijani ni mengi. Ila binti alikuwa amenituma nitafute historia ya gari, nani alilimiliki na lini, aichapishe kwenye kadi za mwaliko, kwa hiyo nikaenda ofisi ya usajili na karani akanitolea faili la zamani linalonuka panya: mmiliki wa kwanza mpima ardhi Mwingereza, wa pili daktari wa meno, wa tatu baba mkwe wangu, miaka miwili kabla dada hajafa, gari likiwa zima linatembea. Karatasi ya mwisho ni ombi la kubadilisha rangi, kutoka kijani kwenda nyeupe, siku tisa baada ya mazishi, na sahihi ni ileile iliyo kwenye cheti changu cha shule.

Nilimfuata kwake asubuhi, anakunywa chai barazani. Hata shikamoo sikutoa. Nikasema, "Baba, nimeiona madigadi."

Hakuuliza madigadi gani. Akaweka kikombe chini. "Nilikuwa nakungoja, mwanangu. Nilikupa ufunguo uone mwenyewe. Mdomo ulinishinda."

Nikamuuliza, "Alikuwa bado hai?"

"Sijui," akasema. "Sikushuka."

Huyu ndiye aliyenilipia ada tangu darasa la pili, akanipeleka chuo cha ufundi, akanipa binti yake bila sharti lolote, na watu wakasema yule mjane, yaani mama yangu, dobi wa hospitali, Mungu kamletea mfadhili. Tulipompa mtoto wetu jina la dada yangu, mzee alitoka nje, tukadhani ni furaha. Sasa kila nikishika nyundo najiuliza hii kazi ni yangu au ni fidia, na nikimtazama mke wangu nashindwa kula.

Na mama yangu yu hai, ana miaka sabini na sita, mguu mmoja haufanyi kazi, na kila akisali humtaja baba mkwe kabla ya kunitaja mimi. Juzi ameomba siku ya harusi akalishwe kwenye gari lile, japo dakika moja, apigwe picha na mjukuu wake. Nikasema sawa, mama.

Mke hajui, binti hajui. Mzee anasema nifanye nionavyo, ila nisubiri harusi ipite. Wiki ya sita hii. Mara mbili nimeinua nyundo nilipondeponde lile gari, na kuna asubuhi nimeamka nikasikitika kwamba nimeamka. Nikisema, naivunja harusi na ndoa yangu, pengine namuua mama. Nikinyamaza, dada yangu nimemzika tena mimi mwenyewe. Nifanye nini?

Fundi Bodi

*

Fundi, pole. Pole sana. Nimeisoma barua yako mara tatu, na sitakudanganya kwamba ipo njia ya kutoka humo bila kuumia. Haipo.

Ila ngoja nikugombeze. Unasema utamuua mama ukimwambia. Nani kakupa cheo hicho cha kumpimia anachoweza kubeba? Mwanamke aliyefua mashuka ya hospitali akakulea peke yake, na mtoto wake mwingine yuko kaburini, si yai. Hebu jiulize, nani alimtuma yule mtoto sukari? Huenda miaka thelathini na minane mama yako anajihukumu mwenyewe, na wewe jibu unalo mfukoni wiki ya sita. Wewe ulikuwa na miaka sita. Msiba huu ni wake kwanza.

Na huyo mzee, acha kumstahi hivyo. Alikupa ufunguo ili nyundo yako imsemee, halafu anakupangia na tarehe ya kusema. Hapana. Mpe siku tatu. Aende kwa mama yako kwa miguu yake, aseme kwa mdomo wake, wewe ukiwapo pamoja na mtu mzima mmoja asiye ndugu. Asipokwenda, siku ya nne unakwenda wewe. Mama akitaka polisi, mpelekeni polisi. Akitaka kumfukuza, afukuzwe. Usimwombee msamaha, na usimhimize mama atoe. Tafuta wakili wa msaada wa sheria awaeleze lipi bado linawezekana.

Gari lifungie. Usiliponde, usilipake hata tone la rangi, madigadi ibaki ilivyo, na nakala ya lile faili itunze mbali na gereji. Bibi harusi apande chochote, hata pikapu ya kuazima. Lakini aambiwe kabla, na nyinyi wazazi wawili. Ni mtu mzima. Kama harusi itasogezwa, ataamua yeye na mwenzake.

Kuhusu kazi yako: ada ililipwa na mwenye hatia, sawa. Vumbi la miaka ishirini na miwili umelivuta kwa mapafu yako, hakukuvutia mtu. Na ile asubuhi uliyosikitika kuamka, hilo usilichezee. Kesho nenda hospitali ukaonane na mtu uso kwa uso, umwambie kama ulivyoniambia. Mimi ni karatasi tu.

Huenda mama asikusamehe kwa hizi wiki sita. Utakubali. Huenda mkeo akaenda kwao, akarudi, au asirudi. Hilo nalo siwezi kukuahidi.

Anza na mkeo leo, kabla ya wote, asije akayasikia kwa jirani. Usimpigie simu. Rudi nyumbani, zima redio, mwambie akae. Usizunguke, usianze na habari za msasa na faili. Sema, "Baba yako ndiye aliyemgonga dada yangu." Halafu nyamaza, umwache alie.